Siku Feza Ilipoisha Kabla ya Majina

Leo zamu ya kuandika imetuangukia sisi wa chumba cha kompyuta hapa Nakivale, Uganda.

Wengi mmetuuliza kwa nini siku hizi, kabla hatujachapa orodha ya kikundi cha akiba, tunamwita kwanza mama mwekahazina aje na mfuko wake wa maharage. Wengine wanacheka, eti vijana wa kompyuta wanahesabu kwa maharage kama bibi zao. Tumeamua tueleze. Ni habari ya kosa letu wenyewe, na tunaiandika ili kijana mwingine wa kambi nyingine asilirudie.

Chumba chetu si kikubwa. Tuko na laptopu tano za zamani, paneli mbili za sola na printa moja. Laptopu hizo ni za biti 32 na zinatumia Linux nyepesi, maana mfumo mzito unazichosha. Asubuhi tunafundisha watoto kuandika, mchana tunachaji simu za watu kwa shilingi 500, jioni tunasoma wenyewe. Hakuna kati yetu aliyefika chuo kikuu. Tulimaliza sekondari, wengine Congo, wengine hapa hapa.

Mwaka 2023 mama zetu wa kikundi cha akiba walikuja na shida. Wako 25. Kila Jumapili baada ya ibada wanakaa chini ya mti na sanduku lao la kufuli tatu, kila mmoja ananunua hisa, hisa moja shilingi 2,000. Anayechelewa analipa faini ya 500. Feza inakopeshwa kwa riba ndogo, na mwezi wa 12 inagawanywa kwa kila mtu kadiri ya hisa zake. Aliyekuwa anaandika daftari alihamia kambi nyingine, na wengi waliobaki hawakuwa na uhakika na hesabu ya kugawa. Mali bila daftari huisha bila habari. Wakasema, "Batoto, nyinyi muko na mashine, tusaidieni."

Tukafurahi kweli. Ilikuwa mara ya kwanza watu wazima kutupa kazi ya maana kwenye zile kompyuta.

Tuligawana kazi. Sisi wadogo tulikuwa tumejifunza lugha ya C kwa masomo tuliyoyapakua. Tukaandika programu inayokagua daftari: jina lisirudiwe mara mbili, namba isiachwe tupu. Tukaiita kagua. Mkubwa wetu, ambaye wote tunamwita Kaka Mkubwa, alisoma biashara na informatiki kule Uvira, na huko walifundishwa Pascal, lugha aliyoitoa Niklaus Wirth mwaka 1970. Yeye akaandika programu ya kugawa feza, akaiita gawa. Alisema hataki kujifunza C kwa haraka kwa ajili ya feza ya wamama. Afadhali aandike kwa lugha anayoiamini. Tukaona ana haki.

Kwa wasioijua kazi hii, tueleze kidogo. Mtu anapoandika programu, anaandika maneno ambayo binadamu anaweza kuyasoma. Mashine haiyaelewi. Kuna programu nyingine, kompaila, inayoyasoma maneno hayo na kutoa faili jipya ambalo mashine inaweza kuliendesha. Kwa hiyo unabaki na vitu viwili: kile ulichoandika, na kile kinachofanya kazi. Mkumbuke hapo, maana shida yetu yote ilikaa katikati ya hivyo viwili.

Sasa, tukiwa watu watano na lugha mbili, kila mtu alikuwa anaita kompaila kwa namna yake. Mmoja anasahau hiki, mwingine anasahau kile. Ndiyo maana kuna mfumo wa kujenga programu. Sisi tunatumia ule wa zamani unaoitwa Make. Unaandika kanuni zako kwenye faili moja linaloitwa Makefile: ili nipate kitu hiki nahitaji kile, na amri ya kukitengeneza ni hii. Baada ya hapo kila mtu anaandika neno moja tu, make, na kazi inafanyika sawasawa kwa wote.

Make inaijua C tangu ilipozaliwa. Ukiwa na kagua.c ukaandika make kagua, yenyewe inamtafuta kompaila wa C, hata kama hujaandika kanuni yoyote. Lakini tulipoandika make gawa, ikajibu kwamba haina kanuni ya kutengeneza gawa, ikasimama. Kaka Mkubwa akakasirika, "Hii mashine inabagua Pascal!" Haikuwa hivyo. Make inajua Pascal ya kizamani, yenye mafaili yanayoishia na .p na kompaila anayeitwa pc. Mafaili ya Kaka Mkubwa yanaishia na .pas, na kompaila tuliyenaye ni Free Pascal, amri yake fpc. Ni kama mgeni aliyefika na jina ambalo halimo kwenye orodha ya mlangoni. Mlinzi si mbaya, ila hajaambiwa.

Kwanza ilibidi kompaila mwenyewe apatikane. Mmoja wetu alienda Mbarara na flashi, akapakua huko ambako mtandao una nguvu, akarudi jioni na mafaili ya biti 64. Kwa mashine zetu hayo ni kazi bure. Akarudi tena wiki iliyofuata. Kwa hiyo wandugu, kabla hujala bando au nauli, angalia mashine yako ni ya aina gani.

Halafu tukaiongezea Make kanuni. Ni mistari miwili:

%: %.pas
	fpc -o$@ $<

Maana yake: kitu chochote kinaweza kutengenezwa kutoka faili lenye jina lilelile linaloishia na .pas, na anayetengeneza ni fpc. Ile alama ya $@ ni jina la kitu tunachotaka, na $< ni jina la faili tulilonalo. Basi.

Lakini hata mistari miwili ilitulaza saa mbili. Tulikuwa tumeitumiana kwa WhatsApp, na kila tukijaribu Make inalalamika kwamba kitenganishi kimekosekana. Kumbe mstari wa pili lazima uanze na kitufe cha Tab, si nafasi za kawaida. Kwa macho vinafanana kabisa. Ujumbe wa simu ulikuwa umebadilisha Tab kuwa nafasi. Tulisoma baadaye kwamba aliyeandika Make, Stuart Feldman wa Bell Labs, mwaka 1976, alitambua mapema kwamba sheria hiyo ya Tab inasumbua, lakini tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni moja na hakutaka kuwaharibia kazi. Kwa ajili ya watu kumi na wawili, dunia nzima mpaka leo inabonyeza Tab!

Mwezi wa 9 kila kitu kilikuwa sawa. make gawa, make kagua, orodha inatoka safi. Wamama wakapiga vigelegele.

Mwezi wa 11 wakabadilisha sheria yao. Walikubaliana kwamba faini zote za mwaka zisigawanywe tena, ziingie kwenye mfuko wa shida, ule wa kusaidia mwenye mgonjwa au mwenye msiba. Wakatoa faini kwenye sanduku, shilingi 60,000, wakaziweka kando kwenye mfuko wa kitambaa. Kaka Mkubwa akakaa usiku akarekebisha gawa.pas ili hesabu isiziguse faini. Mstari mmoja tu. Alipomaliza alihifadhi faili, akafunga, akaenda kulala. Asubuhi sisi tukaandika make gawa. Make ikajibu kwamba gawa iko tayari, hakuna la kufanya. Tukasema vizuri, basi Kaka Mkubwa alishaijenga jana usiku. Hakuna aliyemuuliza.

Jumapili ya kugawa ikafika. Mama mwekahazina akafungua sanduku mbele ya watu wote, akahesabu feza kwa sauti: milioni mbili na laki saba. Makofi. Sisi tukasoma orodha yetu iliyochapwa: kila hisa ni shilingi 2,300. Anasimama mama, anasomewa, anahesabiwa, anaweka sahihi au dole gumba, anakaa. Majina 24 yakapita vizuri. Jina la mwisho lilikuwa la mama mjane, mwenye hisa 46. Orodha ilisema 105,800. Kwenye sanduku zilibaki 45,800.

Kukawa kimya. Mama mwekahazina akapindua sanduku, akalipiga chini kwa mkono. Akahesabu tena. 45,800.

Mtu wa nyuma akasema, "Feza yetu iko wapi?" Hakutaja jina. Lakini wote walimwangalia mtu mmoja, yule ambaye mikono yake ndiyo ilikuwa inahesabu noti. Sanduku lilihesabiwa mbele ya watu na lilikuwa kamili. Orodha imetoka kwenye mashine. Basi nani kabaki? Huyo mama tunamjua. Ametuuguza wengi wetu tulipofika hapa hatuna mtu. Alitaka kuongea, sauti ikakatika. Na sisi, tunaona aibu kusema, tulinyamaza. Mmoja wetu alisema hata, "Mashine haikosei." Maneno hayo tunayajutia mpaka leo.

Usiku ule hatukulala. Kaka Mkubwa aliandika kwenye karatasi namba iliyokosekana: 105,800 kutoa 45,800 ni 60,000. Akaitazama sana. Halafu akasema, "Hii ni faini. Ni faini ileile waliyoitoa." Tukapiga hesabu kwa mkono. Hisa zote za mwaka zilikuwa 1,200, yaani akiba ya 2,400,000. Riba ilikuwa 300,000. Jumla 2,700,000, ukigawa kwa 1,200 unapata 2,250 kwa kila hisa. Ukiongeza na faini 60,000 unapata 2,760,000, na ukigawa unapata 2,300. Orodha yetu ilisoma 2,300. Na chini ya ukurasa wa pili, pale pale, jumla ilikuwa imechapwa: 2,760,000. Mama alihesabu 2,700,000 kwa sauti, na karatasi ilikuwa mikononi mwetu. Hakuna aliyesoma mstari wa mwisho.

Tukafungua gawa.pas. Ilikuwa sahihi! Mstari wa faini umeondolewa kama alivyosema. Tukaisoma mara tatu. Maandishi yanasema 2,250, programu inasema 2,300. Ndipo mmoja wetu akaomba mashine ionyeshe tarehe za mafaili. Faili linaloendeshwa, gawa, lilikuwa la Septemba 2023. Na gawa.pas, lile alilolirekebisha wiki chache tu nyuma, lilikuwa la tarehe 1 Januari 2010.

Kaka Mkubwa akacheka kicheko kibaya. "Mwaka 2010 sikuwa hata nimeanza sekondari. Tulikuwa tungali nyumbani Uvira." Kwa mujibu wa ile mashine, aliandika hesabu ya wamama kabla hatujakimbia.

Sababu ni hii. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, inayoshikilia saa wakati mashine imezimwa. Ya laptopu ile ilikuwa imekufa. Usiku ule sola iliisha, laptopu ikazimika, akaiwasha tena kwa betri ya gari, saa ikawa imerudi 2010 bila yeye kuangalia. Asubuhi mmoja wetu aliona saa imekosea, akairekebisha kwa kutazama simu yake. Alifanya vizuri, lakini alifuta alama ya kosa. Kama tungeandika make usiku uleule, ingetuonya kwamba kuna faili lililotoka siku zijazo. Asubuhi saa ilikuwa sawa, ikanyamaza.

Na Make inaamua kwa tarehe peke yake. Haisomi ndani ya faili. Inauliza: ulichoandika ni kipya kuliko kilichojengwa? Kama ndiyo, inajenga upya. Kama hapana, inakaa. Faili la 2010 ni la zamani kuliko la 2023, kwa hiyo haikugusa kitu. Ilifanya kazi yake barabara. Sisi ndio tuliikabidhi saa mbovu.

Tena kuna jambo lililotuchoma zaidi. Feldman mwenyewe ameeleza kwamba aliianzisha Make baada ya mwenzake kuingia ofisini kwake amekasirika, kwa kuwa alikuwa amepoteza asubuhi nzima kutafuta kosa kwenye programu ambayo tayari ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa limesharekebishwa, ila faili halikuwa limejengwa upya. Ni shida yetu ileile! Chombo kilichotengenezwa kuizuia ndicho tulichokitumia kuingia ndani yake.

Jumatatu alfajiri tulienda nyumbani kwa mama mwekahazina kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Tulimkuta ameketi mlangoni, na yeye hakuwa amelala. Kaka Mkubwa alipiga goti, na sisi nyuma yake. Tulimwambia, "Mama, mikono yako haina kosa. Kosa ni letu." Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Hayo mtayasema mbele ya wote. Siyo hapa kwangu." Jioni tukayasema mbele ya wote, chini ya mti uleule.

Kila mama alikuwa amepewa 50 zaidi kwa kila hisa. Mwenye hisa 48 alitakiwa kurudisha 2,400. Jumla ilikuwa 57,700, na pamoja na zile 45,800 zingemfikisha mama mjane kwenye haki yake ya 103,500. Wengi walirudisha siku hiyohiyo. Wengine walikuwa wameshanunua posho na sabuni, na hatukuwalaumu. Ilipofika Ijumaa zilikuwa zimepatikana 51,200. Zile 6,500 zilizobaki tulilipa sisi: simu kumi na tatu za kuchaji.

Mama mwekahazina ndiye aliyetuuliza swali ambalo sisi hatukuwa tumejiuliza. "Mwaka ujao nitajuaje kama mashine inasema sheria yetu ya leo, au ya zamani?" Hasomi, lakini kwa maharage anahesabu kuliko sisi. Akatupangia mfano wake mezani: wamama watatu, hisa 10, 20 na 30, riba 15,000, faini 3,000 kando. Akagawa: 22,500, 45,000 na 67,500. Mfano huo tukauandika kwenye faili la mfano.txt, majibu yake tukayaweka kwenye sahihi.txt, na tukaongeza hivi kwenye Makefile:

.PHONY: jaribu orodha

jaribu: gawa
	./gawa < mfano.txt > jibu.txt
	diff jibu.txt sahihi.txt

orodha: jaribu kagua
	./kagua < daftari.txt
	./gawa < daftari.txt > orodha.txt

Mstari wa kwanza unaiambia Make kwamba jaribu na orodha ni kazi za kufanya, si mafaili, kwa hiyo isiangalie tarehe, izifanye kila mara. Kisha: ukitaka orodha, lazima jaribio lipite kwanza. Jaribio linaipa gawa mfano wa mama na kulinganisha majibu. Yakitofautiana hata kwa shilingi moja, Make inasimama palepale na orodha haitoki. Siku ya kugawa tunaandika pia make -B orodha, yaani jenga vyote upya, usiangalie saa ya mtu. Betri ya sarafu tumebadilisha. Na kila asubuhi anayefungua chumba anatazama saa ya kila mashine kabla ya kugusa kitu kingine.

Lakini wamama wakibadilisha sheria, mfano nao unabadilika, na hapo ndipo maharage yanapoitwa. Mama anakuja, anamwaga mezani, anagawa upya mbele yetu, nasi tunaandika majibu yake kwenye sahihi.txt. Majibu yanatoka kwake. Mashine inafuata.

Mwezi wa 12 mwaka 2024 tuligawa tena. Jina la mwisho liliposomwa, sanduku lilibaki tupu kabisa, bila kuzidi wala kupungua. Mama mwekahazina alilipindua, akalipiga chini kwa mkono kama ile siku, ila safari hii alikuwa anacheka.

Wandugu, kama kambini kwenu kuna vijana wanaosaidia watu kwa kompyuta, tunawaomba mambo mawili. Msiamini kwamba mliyoyaandika ndiyo yanayoendeshwa mpaka muwe mmeyajaribu kwa mfano ambao jibu lake mnalijua. Na siku mashine na mtu wakipishana, msikimbilie kumtazama mtu.

Wiki ijayo wataandika dada zetu wa ushonaji.